Mzee akirudi nyumbani baada ya kutolewa mtoto wa jicho: mwongozo kwa familia za Kigoma

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Jicho likiwa halina tatizo jingine, daktari anamaliza ndani ya nusu saa na mara nyingi kabla ya hapo. Anafungua tundu dogo pembeni mwa jicho, anatoa lensi iliyoingia ukungu, anaweka ya bandia, na mara nyingi hashoni hata uzi mmoja. Baada ya hapo zinakuja wiki nne hadi sita za nyumbani, ambazo daktari hazioni.

Nawaandikia ninyi mnaokaa na mgonjwa: binti, mkwe, mjukuu. Mgonjwa mwenyewe huwa ni mtu mzima wa miaka sitini au sabini, ambaye amekuwa akiongozwa kwa mkono kwenda chooni. Siku ya pili bandeji ikitolewa akaiona michikichi ya ng'ambo ya bonde, hashikiki tena. Anaulizia jembe. Jicho linaanza kuona siku nyingi kabla kidonda hakijakaza, na kazi yenu ni kulilinda katika hicho kipindi cha katikati, wakati mwenye jicho anaamini ameshapona.

Kabla ya kutoka hospitali

Awe amepasuliwa hospitali ya Maweni, au kwenye kambi ya madaktari wa macho waliokuja wilayani, asitoke mpaka mmoja wenu aketi na muuguzi na kuondoka na majibu ya maswali haya. Dawa ni zipi na kila moja ni mara ngapi kwa siku? Tarehe ya kurudi ni ipi? Jicho limeshonwa uzi au halikushonwa? Tukipata shida usiku tunampigia nani? Majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, pamoja na jicho lililopasuliwa, la kulia au la kushoto. Huyo aliyeongea na muuguzi ndiye awe msimamizi wa dawa hadi mwisho. Nyumba ambayo kila mtu anasaidia kidogo, dozi za mchana hupotea, maana kila mmoja anadhani mwenzake ameshampa.

Usiku wa kwanza, kama mnatoka mbali, Kalya au Kibondo, laleni mjini. Kesho yake asubuhi daktari anafungua bandeji, anatazama jicho na kumpima uoni, na hicho kipimo si cha kuruka. Msifungue bandeji wenyewe. Ganzi inaweza kufanya kope lisifunguke au mzee aone vitu viwiliviwili kwa saa kadhaa. Inaisha yenyewe. Maumivu ya usiku huo ni madogo, parasetamoli inatosha. Dawa zake za presha na za sukari aendelee nazo kama daktari alivyoelekeza. Sukari ikiwa juu, kidonda kinachelewa na wadudu wanapata nafasi.

Kuhusu safari, kuna hofu inayozunguka vijijini kwamba mtikisiko wa basi unang'oa lensi. Hauing'oi. Wala treni haiing'oi. Tatizo la barabara zetu kati ya Juni na Septemba ni vumbi, kwa hiyo mkalisheni mbali na dirisha lililo wazi, na avae miwani ya jua juu ya ile ngao ya plastiki aliyopewa. Bodaboda ikiwa haikwepeki, dereva aende taratibu na miwani isitoke usoni. Wanaorudi kwa boti kwenye vijiji vya ziwani wawe waangalifu zaidi, kwa sababu mawimbi yakipiga ubavuni maji hurukia usoni. Ngao iwe imebandikwa vizuri, na mzee akae upande usiopigwa na maji, amejifunika kanga au kitenge.

Matone

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu ndipo macho mengi yanapookolewa au kupotezwa.

Kwa kawaida mtapewa dawa ya kuzuia wadudu, kama kloramfenikoli au siprofloksasini, na dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, kama deksamethasoni au prednisoloni. Mara nyingine zote ziko kwenye chupa moja. Ya wadudu huisha mapema, ya uvimbe huendelea kwa wiki nne au zaidi huku idadi ya matone ikipunguzwa hatua kwa hatua. Kupunguza huko kuna maana yake. Ukikata ghafla uvimbe unarudi, na ukiendelea kwa miezi bila kupimwa, dawa hiyohiyo inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuonea. Kwa hiyo msinunue chupa nyingine duka la dawa kwa sababu tu ya kwanza imeisha. Rudini kliniki muulize.

Namna ya kutia:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kausha kwa kitambaa safi. Hata kama umenawa muda mfupi uliopita, ukishika mkaa au dagaa unaanza upya.
2. Mlaze mzee chali, au akae kichwa kikiegemea nyuma. Kibarazani penye mwanga pazuri, mradi hakuna upepo.
3. Tikisa chupa. Baadhi ya dawa za uvimbe hutuama chini, na usipotikisa unamtilia maji matupu.
4. Mwambie atazame juu. Vuta kope la chini taratibu kwa kidole, kwa kuanzia kwenye mfupa wa shavu, bila kukandamiza jicho lenyewe.
5. Dondosha tone moja ndani ya kijimfuko cha kope. Mdomo wa chupa usiguse jicho, kope wala kidole. Tone likianguka shavuni, tia jingine. Hakuna haja ya kutia matatu ili kujihakikishia, jicho halina nafasi ya kubeba zaidi ya moja.
6. Afumbe jicho polepole bila kulikaza, na wewe ubonyeze kidogo kwenye kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Dawa inabaki jichoni badala ya kushuka kooni.
7. Kama kuna chupa ya pili, subiri dakika tano. Ukizifuatanisha, ya pili inaisafisha ya kwanza.

Ratiba ya mara nne inakaa vizuri kwenye saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Bibi asiyesoma saa bado anaweza kujihesabia mwenyewe: kila asubuhi msimamizi anaweka maharage manne kikombeni, na kila tone likitiwa harage moja linatoka. Baada ya tone la saa kumi na moja jioni ukikuta yamebaki mawili, unajua mchana palikuwa na uzembe, na hakuna wa kubishana nawe.

Chupa ikae mahali pa ubaridi na kivuli, mbali na bati na mbali na jiko. Kloramfenikoli inapenda friji. Kama nyumbani hakuna na kwa jirani ipo, si vibaya kuomba nafasi, chupa ikiwa ndani ya mfuko safi ulioandikwa jina. Baada ya wiki nne tangu kufunguliwa, chupa hutupwa hata kama imebaki nusu. Na msimtilie mtoto aliyeamka na macho mekundu matone ya babu. Dawa ya uvimbe ikiingia kwenye jicho lenye kidonda kwenye kioo chake cha mbele, inaweza kuligeuza tatizo dogo kuwa upofu.

Kwa wanaofunga Ramadhani: wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa huku, hawahesabu matone ya jicho kuwa yanafunguza. Hata hivyo zungumzeni na shehe wenu mapema, akiwepo mzee mwenyewe, maana asiporidhika moyoni ataacha dawa kimyakimya na mtakuja kulijua likiwa limeharibika.

Maji na ibada

Kwa wiki mbili maji yasiingie ndani ya jicho. Ya bomba, ya kisima, ya ziwa, yote ni yaleyale kwa jicho hili. Aoge kuanzia shingoni kushuka. Uso upanguswe kwa kitambaa safi kilichokamuliwa, kuzunguka jicho bila kuligusa. Matongotongo ya asubuhi yalainishwe kwa pamba au kitambaa kilichochovywa kwenye maji yaliyochemka na kupoa, ukipangusa kutoka kona ya ndani kwenda nje mara moja, kisha unatumia kipande kingine. Nywele zikioshwa, kichwa kiegemee nyuma na mwingine amwagie. Kuogelea na kuvua kwa kuingia majini kusubiri mwezi mzima angalau.

Udhu unahitaji busara. Ruhusa ya asiyeweza kutumia maji ipo na inajulikana, ila tayamamu nayo ni kupangusa uso kwa vumbi, na vumbi ni adui kuliko hata maji. Mzee awe amevaa ngao, mikono ikung'utwe vizuri, na jicho liachwe. Shehe atawapa namna inayokubalika. Kwenye sala akae kitini na aashirie rukuu na sijda, kwani kuinamisha kichwa chini ya kiuno katika wiki ya kwanza na ya pili kunapandisha msukumo ndani ya jicho. Kwa upande wa kanisani, kukesha na kuimba hakuna ubaya wowote. Mafuta ya upako yapakwe kwenye paji la uso, yasishuke.

Kulala, kazi na jiko

Usiku avae ngao kwa wiki nzima, na zaidi kama daktari amesema. Sababu si baridi wala mwanga. Mtu akiwa usingizini hujisugua jicho bila kujua. Plasta ya karatasi ya kubandikia ngao ikiisha, ya dukani ya vidonda inatosha. Ngao ioshwe kwa sabuni kila asubuhi na ikauke. Alale chali au kwa upande wa jicho zima.

Kutembea ruksa tangu siku ya kwanza. Kusoma, kutazama televisheni na kushika simu pia ruksa, kwani hakulichoshi jicho kwa namna ya kulidhuru. Kinachokatazwa ni kujikaza na kuinama. Kwa maisha ya hapa kwetu maana yake ni hii: hapana ndoo ya maji kichwani, hapana kutwanga, hapana jembe, hapana kupasua kuni, hapana kupanda mchikichi wala kubeba mikungu ya chikichi, hapana kusukuma baiskeli yenye gunia kupanda mlima wa Mwandiga. Muda wake ni wiki nne, na kwa mkulima anayerudi kwenye kazi nzito kabisa ni salama zaidi kungoja kipimo cha wiki ya sita. Choo kigumu nacho ni kujikaza: apewe maji, mboga na mapapai. Akiwa na kikohozi kikali, kitibiwe. Tendo la ndoa lisubiri wiki moja au mbili. Mwulizeni daktari msione haya, anaulizwa kila siku.

Jikoni ndipo wanawake wetu wanapojisahau. Kupuliza kuni zenye unyevu, kuinamia sufuria la mawese linalochemka, kukaanga pilipili ndani ya banda lisilo na dirisha, hivyo vyote viachiwe mtu mwingine kwa mwezi huo. Kuanika na kugeuza dagaa kwenye mchanga wa Katonga au Kibirizi kunaleta upepo wa mchanga pamoja na kuinama, kwa hiyo asifanye. Ukweli ni kwamba kumzuia mama asiingie jikoni kwake ni kazi kubwa kuliko kumtilia matone. Mpeni kazi ya kukaa: kuchambua mchele, kumenya mihogo, kumsimamia mkwe. Hasa hiyo ya mwisho, ataifurahia.

Wanja usiguse jicho kwa mwezi mzima. Na mkianza upya, uwe mpya, ule wa zamani una wadudu wa miaka.

Kisha dawa za nyumbani. Kuna atakayekuja na asali iliyotoka Tabora, mwingine na maji ya majani, mwingine maziwa ya mama anayenyonyesha. Huletwa kwa upendo, na si rahisi kumkatalia shangazi aliyesafiri toka Kasulu. Pokeeni, mshukuruni, asali ikanywewe na chai. Jicho lenye tundu ambalo halijafunga ni njia iliyo wazi kwa wadudu kwenda ndani, na humo wakishaingia hawatoki kwa urahisi.

Chakula hakina mwiko. Dagaa, migebuka, maharage, nyama, ale.

Ya kawaida, na ya kukimbilia hospitali

Siku za kwanza atalalamika kwamba jicho linakwaruza, linatoa machozi na haliwezi jua. Litakuwa jekundu kiasi, na pengine kuna doa la damu kwenye weupe, ambalo hufifia lenyewe. Uoni unaweza kuwa na ukungu kwa siku kadhaa kabla ya kutakata. Wengine hushtuka kuona ziwa la bluu kali kuliko walivyolikumbuka. Lensi ya zamani ilikuwa imegeuka manjano ikizuia rangi hiyo, sasa imeondoka. Akilalamika kitu kinachoma sehemu moja tu, na mliambiwa ameshonwa, huenda ni uzi. Kliniki wataushughulikia.

Kipimo chepesi cha nyumbani: kila asubuhi, kabla ya tone la kwanza, afunike jicho lisilopasuliwa kwa kiganja bila kulikandamiza, na kwa jicho lililopasuliwa atazame kitu kilekile, mathalani kalenda ukutani. Leo aone sawa na jana au vizuri zaidi. Akiona vibaya kuliko jana, hilo ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mengine ya kuondoka nayo siku hiyohiyo, iwe Jumapili au sikukuu: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, usaha, kope lililovimba, kuumwa kichwa upande wa jicho hilo pamoja na kutapika, vimulimuli au madoa meusi mengi yaliyozuka ghafla, au kivuli kinachofunika sehemu ya anachokiona. Vilevile akigongwa jichoni, hata na kidole cha mjukuu.

Maambukizi ya ndani ya jicho hutokea kwa wachache, zaidi katika wiki ya kwanza, na yanaweza kulimaliza jicho kwa siku moja au mbili. Tiba yake ni sindano ya dawa ndani ya jicho, kitu ambacho zahanati haina. Mkianzia zahanati, ombeni rufaa na simu ipigwe kwa daktari wa macho, msikubali vidonge na maneno ya "mrudi Jumatatu". Njiani avae ngao, msilifunge kwa kitambaa cha kukaza, na mchukue kadi na chupa zote za dawa.

Kliniki za kurudia, miwani na jicho la pili

Tarehe za kurudi hutofautiana, lakini nyingi huangukia baada ya wiki moja na tena kati ya wiki ya nne na ya sita. Ile ya mwisho ndiyo watu wengi huikwepa, kwa sababu nauli ni kubwa na mzee anaona. Ndiyo pia ya miwani. Lensi bandia inayowekwa kwa wengi imepangwa kuona mbali na haijikunji kama lensi ya ujana, kwa hiyo kusoma Kurani au Biblia, kutunga sindano na kuchambua mchele vitahitaji miwani ya karibu. Msinunue ya mnadani wiki ya pili. Jicho bado linabadilika, na miwani hiyo haitamfaa baada ya mwezi.

Wazee wanaokumbuka majirani waliopasuliwa zamani wakarudi na miwani minene kama kitako cha chupa huogopa yatawakuta hayo. Wale hawakuwekewa lensi. Lensi bandia ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, ila ilichukua miongo mingi kuwa jambo la kawaida huku kwetu.

Kama kliniki itasema uoni haukupanda ingawa kidonda kimepona vizuri, mara nyingi kuna ugonjwa mwingine nyuma: presha ya jicho, kisukari kilichogusa pazia la nyuma ya jicho, makovu ya trakoma. Ulizeni ni upi, maana baadhi ya hayo yanahitaji dawa ya maisha.

Miezi au miaka baadaye ukungu ukirudi, mtasikia mtaani kwamba mtoto wa jicho ameota tena. Haoti, lensi yake ilishatolewa. Ni utando mwembamba nyuma ya lensi bandia ambao umeingia ukungu, na hutobolewa kwa miale ya leza kwa dakika chache bila kupasua. Mashine hiyo haipo kila hospitali, kwa hiyo ulizeni kwanza mtakakopelekwa kabla ya kulipa nauli.

Jicho la pili likiwa na mtoto wa jicho nalo, daktari atapanga lini baada ya kuona la kwanza limetulia. Siku hiyo mkichukua tarehe, anzieni kupanga nani atakuwa msimamizi wa matone. Aliyefanya la kwanza anastahili kuulizwa kama anataka kuendelea au apumzike, na kama ni kupumzika, amfundishe anayefuata kwa vitendo, mikono imenawiwa, mzee amelala chali pale kibarazani.